Habari za Mpira kutoka kwa Mume Wetu

14 Januari 1989

Mke mwenzangu,

Mimi mzima. Wewe sijui, maana hujaandika tangu kabla mwaka haujaisha, na mimi si mpiga ramli nijue mtu aliye ng'ambo amelala vipi na amekula nini. Kama unaumwa, pole. Kama ni uvivu, usiniambie kazi za chuo zimekubana, kwa sababu mimi nafua nguo za mtaa mzima na bado kalamu nimeishika.

Mjomba wako hajambo. Kibanda chake cha kutengeneza baiskeli kiko pale pale, na yeye yuko mlangoni pake anaongea kuliko anavyotengeneza. Mkewe ana mimba tena. Nilimpa hongera akanuna, akadhani namcheka. Nilikuwa namcheka, lakini hongera ilikuwa ya kweli. Mama yako aliandika kutoka huko kwa mumewe, anasema watoto wanakua. Sijui alitaka wafanye nini kingine.

Salamu zimetosha, sasa kaa vizuri. Watu wananiuliza mjukuu wako anasomea nini. Nawaambia anasomea maneno. Muuza mkaa akacheka, akasema, "Maneno? Si tunayo hapa bure?" Nikamwambia yako ndiyo ya bure, ya mjukuu wangu yanalipiwa na serikali. Akarudi kwenye magunia yake. Lakini na mimi nataka kujua, muda wote huo maneno hayajaisha tu? Ulipoondoka nilikuambia usirudi bila cheti, na neno langu sijalibadili. Wewe nimekulea kwa mikono hii yenye sabuni tangu mama yako alipokuacha hujaota meno, na mtaa mzima nimeshautangazia kwamba utarudi na shahada ya pili. Usije ukanifanya mwongo uzeeni.

Sehemu ya chini ya karatasi ni ya babu yako, kama siku zote. Safari hii anasema yeye, naandika mimi, kwa sababu macho yanamsumbua. Kwa hiyo usishtuke kuona mwandiko wangu mpaka mwisho. Si mwandiko mbaya. Mwalimu wa darasa la watu wazima aliusifu mbele za watu.

BABU ANASEMA: Mke wangu mdogo, nakusalimu. Jumamosi timu yetu ilicheza na timu ya kiwandani. Tulishinda. Kipa wetu Godoro hakufanya kazi yoyote, jezi yake safi kama ameiazima. Kijiko alianguka sana upande wa kushoto, ana rangi ya nyasi kutoka begani hadi kiunoni. Namba nne alitokwa damu puani, na damu haitoki kwa maji ya moto, inataka maji baridi na chumvi. Ulikuwa mchezo mzuri sana. Soma kwa bidii.

Wako,
Mke mkubwa


11 Februari 1989

Mke mkubwa, shikamoo. Na shikamoo ya mume wetu ni yake peke yake, usiimege.

Mimi ni mzima, nilikuwa mvivu. Ungenijua tu hata ningekudanganya. Hapa bwenini tunapika jiko moja watu wa nchi mbalimbali, na kila mtu ameandika jina lake kwenye mayai yake. Juzi nimekula yai la mwanafunzi wa hesabu bila kujua. Amenipiga maswali kama polisi. Mwambie mke wa mjomba hongera, na mwambie mimi simcheki. Nitamcheka nikifika.

Unauliza kama maneno hayajaisha. Bibi, huku hayaruhusiwi kuisha. Msimamizi wangu ni mama mwembamba mwenye kalamu nyekundu. Nikimpelekea sura ya tasnifu yangu anairudisha na neno moja pembeni: "Kwa nini?" Ukurasa mzima nimejieleza, nimetoa jasho, halafu "Kwa nini?" Na huku msomi hasemi "sijui". Anasema "suala hili linahitaji utafiti zaidi". Siku mteja akikuuliza shati lake limepotelea wapi, mjibu hivyo hivyo, uone.

Sasa nisikilizeni wote wawili. Utafiti wangu ni wa jinsi watu wanavyousimulia mpira. Watangazaji wa redioni ninao wengi, lakini sura ya nne nataka iwe ya mtu wa kawaida, shabiki anayerudi nyumbani akamsimulia mechi mtu ambaye hakuiona. Na huyo mtu ni babu. Mnakumbuka anavyoingia na viatu vya wachezaji vya kushonwa begani, hajavua hata kofia, bibi uko kwenye karai unasugua jezi zile zile, yeye anaanza: "Kijiko anachukua, Kijiko anampita mmoja, Kijiko jamani!" Mechi imekwisha, watu wamekwenda kuoga, lakini kwake yeye mpira bado uko uwanjani. Na wewe unajibu "ndiyo, ndiyo" bila kuinua kichwa. Mimi nimekaa kizingitini, mate yamenijaa mdomoni kwa kusikiliza. Yote ninayosoma huku yalianzia hapo kizingitini.

Kwa hiyo namtumia kanda tupu ndani ya bahasha nyingine. Mjomba aazimishe redio yake. Babu akirudi uwanjani abonyezewe kitufe asimulie kama kawaida yake. Kanda moja tu. Asione haya.

Babu, sasa ni wewe. Mume wangu, tangu lini unaangalia nyasi na chumvi? Hukuniambia nani amefunga! Naona macho yakiuma mtu huacha mpira akaanza kuona madoa. Mimi nimeingizwa timu ya wasichana wa bwenini, nacheza winga. Mechi ya kwanza nimekimbia vizuri sana, tatizo mpira ulikuwa upande wa pili. Niandikie matokeo kamili. Mwambie huyo katibu wako asiyachanganye na kazi yake.

Mjukuu wenu


2 Aprili 1989

Mke mwenzangu,

Barua ilifika, kanda ikaja nyuma yake wiki nzima. Sisi wazima. Mjomba wako alitaka kuichukua kanda arekodi nyimbo, nikaifungia kwenye kopo la buluu ya nguo. Usiogope, kopo ni kavu. Mkewe amejifungua msichana mwenye kichwa kikubwa. Nimewaambia ni akili, lakini tusubiri.

Sasa hiyo habari ya kanda. Babu yako amekataa. Anasema hawezi kuongea na kisanduku peke yake kama mtu aliyerukwa na akili. Nimembembeleza, unamjua alivyo. Halafu redio ya mjomba wako kitufe cha kurekodia kimevunjika. Halafu betri hakuna madukani. Na sipendi kuhimizwa. Wewe andika hiyo sura ya nne kwa kichwa, si ndicho ulichopelekewa huko?

Mvua hapa haitazamiki. Imeshuka wiki nzima bila kupumzika. Nguo hazikauki, nimezitandaza mpaka kwenye migongo ya viti, chumba cha mbele kinanuka kama mbwa. Uwanja wa mpira umekuwa bwawa. Wanasema bata wa mwalimu mkuu wameonekana wakiogelea golini.

Ngoja, anagonga.

Nimerudi. Uji ulikuwa umeshapoa, na ukipoa haupiti, unamrudia puani. Nilikuwa nasema nini? Kanda. Basi usiulize tena kanda.

BABU ANASEMA: Mke wangu mdogo, Jumamosi tumecheza mchezo mkali kuliko yote ya mwaka huu. Namba nne alijitoa mhanga, jezi yake inasimama yenyewe kwa tope. Hata Godoro safari hii amechafuka mpaka shingoni, na ukosi umechanika. Kijiko ana mafuta meusi kifuani, sijui ni mchezo wa namna gani huo. Tulifunga mabao matatu, yote Kijiko. Sasa nimekupa matokeo kamili, ridhika.

Wako,
Mke mkubwa


29 Aprili 1989

Bibi, shikamoo.

Nimeisoma barua yako. Nimeisoma tena leo asubuhi maktabani, nikaikunja. Sina swali.

Mpe mjomba pongezi za kichwa kikubwa. Mimi huku ni mzima. Kumeanza kuwa na jua, wanafunzi wanalala kwenye majani ya chuo na vitabu usoni, eti wanasoma.

Kanda iache. Nimepata msimuliaji mwingine, mzee anayefagia uwanja wa michezo wa hapa, anaongea sana. Sura ya nne imetosha. Usimsumbue babu tena kwa jambo hilo, wala usimwambie kwamba nilikasirika, kwa sababu sikukasirika.

Nimepewa tarehe ya kutetea tasnifu. Ni mwanzoni mwa Julai. Nilikwenda kwa msimamizi kumuuliza kama mtu anaweza kwenda nyumbani kidogo kabla ya hapo, kama kuna jambo. Alisema anaweza, ila atakayeondoka sasa, utetezi wake utasogezwa mpaka mwaka unaokuja, na serikali huwa haimlipii mtu mwaka wa ziada. Akaniuliza, "Kuna jambo?" Nikamwambia hakuna. Nilikuwa nauliza tu.

Wewe ulisema nisirudi bila cheti.

Yafuatayo ni ya babu. Bibi, naomba umsomee, polepole, na usijibu "ndiyo, ndiyo".

Mume wangu, shikamoo. Leo nasimulia mimi. Jumamosi hapa imecheza timu ya chuo na timu ya madereva wa mabasi. Madereva wana vitambi, lakini wanajua njia. Dakika za mwanzo wanaachwa, watoto wa chuo wanawazunguka wanavyotaka. Sasa kuna dereva mmoja mwenye kipara, simjui jina, tumwite Kijiko Mkubwa. Anapokea katikati. Anasimama. Jamani anasimama! Watoto wote wanamkimbilia, yeye ametia mguu juu ya mpira kama anangoja abiria. Wanakaribia, anauvuta nyuma, wawili wanagongana vichwa. Anapita. Kipa anatoka. Kijiko Mkubwa anautazama upande wa kulia, kipa anaruka kulia, mpira unakwenda kushoto polepole, polepole, babu, hata wewe ungeufukuzia kwa fimbo, na unaingia. Sikuwa na mtu wa kumkumbatia. Nimemkumbatia mfagiaji.

Nitakuandikia nyingine.

Mjukuu wenu


3 Juni 1989

Mke mwenzangu,

Tu wazima. Mimi mgongo unaniuma, lakini mgongo wangu haujapata kuacha kuuma, kwa hiyo hiyo si habari. Mtoto wa mjomba wako ana kelele kama filimbi. Muuza mkaa amefiwa na mkewe, nimekwenda nimekaa naye. Alikuwa mwanamke mzuri aliyeolewa na mdomo.

Nimemsomea mume wetu habari za madereva. Nimemsomea mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Alifurahi. Pale wawili wanapogongana vichwa hataki niparuke, nikiparuka ananirudisha. Lete nyingine, na ziwe ndefu. Huyo mwenye kipara amempenda.

Mbona kanda umeacha kuuliza? Ulikuwa umening'ang'ania kama mtoto anayetaka kubebwa, sasa kimya. Haya. Mimi siulizi, nasema tu nimeona.

Nilitaka kukuandikia jambo jingine, nikaona karatasi haitoshi.

Umefanya vizuri kungoja Julai. Ukasimame mbele yao, usiiname, na ukiulizwa kitu usichokijua wajibu ile habari ya utafiti zaidi. Vaa blauzi nyeupe niliyokupa, ile niliyoitia wanga. Pasi ipitishe upande wa ndani, usipige juu ya kifungo.

BABU ANASEMA: Mke wangu mdogo, Jumamosi tumefungwa. Namba nne alimwacha mtu wao akasimama peke yake karibu na goli kama mteja aliyesahauliwa, na wao wakampa. Godoro aliruka vizuri, aliugusa, ila mpira ulikuwa na nguvu. Kijiko alipata nafasi kipindi cha pili, goli liko wazi, akapiga juu. Nimeumia moyo. Yule mwenye filimbi naye ni mtu mchoyo sana. Watu wakianza tu kufurahi, anapuliza.

Wako,
Mke mkubwa


8 Julai 1989

Bibi, babu, shikamooni!

Imekwisha! Nimesimama mbele ya watu wanne, blauzi nyeupe, wanga umekaza shingo hata kama ningetaka kuinama nisingeweza. Wameniuliza kwa muda mrefu. Mmoja ana ndevu mpaka kifuani, anauliza swali huku anajijibu mwenyewe, namwitikia kwa kichwa tu. Msimamizi wangu, yule wa kalamu nyekundu, aliniuliza swali moja: "Kwa nini mpira?" Nikamwambia, kwa sababu kuna mtu aliniletea mpira nyumbani kila Jumamosi nikiwa mtoto, na sijauona mwingine mzuri kama ule. Akaandika kitu. Nilidhani ni "kwa nini?" Kumbe alikuwa anatia sahihi.

Nimefaulu. Kuna masahihisho madogo, nayafanya mwezi huu. Bibi, sasa katangaze, si mwongo tena. Anza na muuza mkaa, lakini kwa upole, maana amefiwa.

Kuna jambo moja. Wameniambia kama nataka naweza kuendelea moja kwa moja na shahada ya tatu, kuanzia Septemba. Nafasi ipo na serikali imekubali. Ni miaka mingine. Nikikubali, nyumbani sitaweza kuja mpaka mwakani katikati. Nimekaa nayo siku kadhaa. Nimeshindwa kuamua, nikaona nimwachie babu. Babu aseme. Akisema njoo, nakuja mwezi huu huu, nitaacha kila kitu. Akisema soma, nitasoma. Bibi, muulize, uniandikie anavyosema.

Na hii ndiyo mechi niliyokuahidi, mume wangu. Madereva wamefika fainali. Uwanja umejaa wake zao na vikapu. Mpira unaanza kwa Kijiko Mkubwa, leo amevaa kofia kuficha kipara, refa anamwambia avue, anakataa, wanabishana, watu wanapiga mbinja. Anavua. Jua linampiga kichwani. Anampa wa kulia, wa kulia anamrudishia, wa kulia tena, wanaongea kwa mpira, babu, unasikia? Wanaongea. Sasa wako karibu na boksi. Sikumalizii hapa. Mwisho wake nitakusimulia nikiwa nimekaa mbele yako, siku yoyote utakayosema.

Mjukuu wenu


30 Julai 1989

Mjukuu wangu,

Barua yako ya tarehe nane imefika juzi. Nimeisoma, nimeiweka chini, nikamaliza kupiga pasi mashuka ya hospitali yaliyokuwa yamebaki, ndipo nimekaa.

Babu yako amekufa. Alikufa Juni inaisha, asubuhi, baada ya kunyolewa. Tumemzika na watu walikuwa wengi, timu nzima ilikuja na jezi. Nilizifua mimi siku iliyotangulia. Mjomba wako alitaka kukupigia telegramu, nikamwambia akithubutu asikanyage tena kwangu. Alilia, mtu mzima na watoto wake. Nikamwambia alie, lakini posta asiende.

Sasa nakuambia kila kitu, na sitazungusha.

Kiharusi kilimpiga mwaka jana mwishoni, akiwa kwenye kigoda chake anashona kiatu cha Godoro. Alianguka kwa upande na sindano mkononi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa nusu, na ulimi ukafungwa. Hakusema neno tena. Alikuwa anagonga meza kwa mkono mzima: mara moja, anataka maji, akigonga na kugonga, mimi nimekosea. Habari zote za mpira ulizosoma nilizitunga mimi. Mpira sikuwahi kuutazama maisha yangu yote, nilikuwa na jezi tu. Nikaona aliyechafuka ndiye aliyecheza, aliye safi ni mvivu. Nilidhani nimepatia.

Ile ya Aprili nilimsomea kabla sijaifunga bahasha. Akagonga mpaka kikombe kikaruka. Nikarudia, akagonga tena, macho yamemtoka. Ndipo nikamuuliza mjomba wako. Kumbe hapakuwa na mechi siku ile, wangecheza wapi na bata? Vijana walikuwa wamevaa jezi wakaenda kusukuma lori la mchanga lililokwama kwenye tope, na Kijiko alilala chini yake kufunga kamba. Mimi nikampa mabao matatu. Barua nikaituma hivyo hivyo, sikuwa na karatasi nyingine.

Basi Jumamosi iliyofuata uwanja ulipokauka nilijifunga kitambaa kichwani, nikamwacha na mke wa mjomba wako, nikaenda. Nilikaa mahali pake pembeni mwa mstari. Watu walinitazama kama nimekuja kudai nguo. Nikatazama mpaka mwisho, nikarudi mbio, nikamsimulia kabla sijasahau. Nilichanganya magoli, nilisema tumefunga kumbe tumefungwa, akagonga, nikarekebisha. Ile habari ya mwenye filimbi nilipomwambia, alicheka. Kicheko kilikuwa kimehamia upande mmoja, lakini kilikuwa chake. Tangu hapo nilikwenda kila Jumamosi. Mimi ninayejibu "ndiyo, ndiyo". Kwa hiyo ile ya Juni ilikuwa ya kweli. Kijiko alipiga juu, nilimwona kwa macho yangu, na mimi pia niliumia moyo.

Sasa wewe.

Ulijua. Usiniandikie kwamba hukujua. Nilipoandika ule uji nilikuwa nimechoka, neno lilitoka na wino ukakauka. Nikasema, haya, ataona, ataamua. Barua yako ikaja: sina swali, kanda iache. Mtu aliyening'ang'ania hivyo haachi hivi hivi. Nilimsomea yeye yote, sikuruka hata ile ya msimamizi wako na mwaka wa ziada. Nilipofika kwenye kanda alinitazama. Halafu akatazama mlango. Na yeye akajua kwamba unajua.

Kuanzia siku ile alitaka kitanda kigeuzwe. Sikuelewa mpaka mjomba wako alipokigeuza akaacha kugonga. Alitaka kuuona mlango. Kila baiskeli ikisimama nje aliinua kichwa. Nilimwambia, "Ana mtihani, atakuja baada ya mtihani." Hakugonga. Alikuwa hagongi kitu anachokijua ni kweli, ila kichwa alikiinua vile vile.

Watu waliokuja msibani wanasema alikwenda kwa amani. Wao walikuwa wapi? Alikwenda akikungoja. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia, na ukiambiwa vingine ujue unapakwa mafuta.

Mimi nilikuficha ili usome. Ningekuficha tena. Usinitazamie niombe radhi, sijui zinavyoombwa. Wewe ulinificha kwamba unajua, ili usome. Kama ungefanya tena, hilo unalo wewe, mimi silibebi.

Lakini hii ya sasa ndiyo iliyonitoa machozi, na mimi kwenye mazishi sikulia. Umemwachia babu aseme. Mtu uliyejua hana ulimi! Ulitaka aseme nini? Ulitaka niandike mimi "soma", nitie jina lake, ulale usingizi. Sina jina lake tena la kuandikia. Hiyo barua nilikwenda nikaisoma pale kaburini, kwa sauti, muuza mkaa alikuwa karibu anapalilia kwa mkewe akasimama kusikiliza. Nilipofika ulipokatisha, akaniuliza, "Wakafunga?" Nikamwambia sijui, mjukuu wangu hakumaliza.

Kuhusu hiyo shahada ya tatu, mimi sikukatazi wala sikuombi. Zamani nilikuambia usirudi bila cheti. Cheti umepata, neno langu limeisha kazi, sina jingine la kukufungia. Mtaani nimeshatangaza kwamba umefaulu. Watu wamefurahi. Muuza mkaa amenipa mkono.

Ila barua mimi basi. Nimejifunza kuandika ukubwani, nilijivuna, na nimeona kazi niliyoifanyisha hiyo kalamu. Mimi nilikuwa na karatasi ya kufichia, wewe ukawa na karatasi ya kufichia, na yeye katikati anatazama mlango. Ukitaka kujua kama mgongo wangu unauma zaidi au unauma kidogo, kwa barua hutajua. Naweza kuwa mzima, naweza kuwa nimelala na upande mmoja umekufa. Sitasema, na mjomba wako nimemkataza, naye unajua ananiogopa.

Usinijibu. Bahasha yako ikija nitairudisha posta haijafunguliwa, hata iwe nene vipi. Ukija wewe mwenyewe, nitakutukana kwanza, halafu nitaweka maji ya chai.

Bibi yako